Pumzi ya Lukumani

Gari moshi la kutoka Dar es Salaam lilikuwa limechelewa, na stesheni ya Tabora ilikuwa imefurika watu. Wauza asali walikuwa wamepanga chupa zao ukutani, wapagazi wanagombana kabla hata mzigo haujaonekana, na kila aliyekuja kupokea mgeni alikuwa anarefusha shingo kuelekea upande wa Igalula kutafuta moshi. Mwamvita binti Shomari alikuwa amekuja kumpokea shangazi yake. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, na gauni lake la rangi ya samawati, kanga begani na viatu vipya vyeupe vya wazi mbele.

Gari lilipoingia watu walisukumana. Sanduku jeusi, refu na zito, likamwangukia Mwamvita kwenye vidole vya mguu.

"Wewe kaka! Huna macho?"

"Samahani sana, dada. Nimesukumwa."

"Umesukumwa! Na hilo sanduku umejaza mawe?"

Mwenye sanduku alikuwa kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, shati jeupe la mikono mirefu, suruali ya bugaluu imepigwa pasi mpaka mstari unakata. Aliliokota sanduku lake akalipangusa vumbi kwanza, ndipo akamtazama.

"Si mawe. Huu ndio mdomo wangu."

"Na huo unaosemea?"

"Huu ni wa kulia ugali tu."

Mwamvita alikusudia kukasirika zaidi, lakini kicheko kilimtoka. Kijana akainamisha kichwa kama anayesikiliza kitu kwa mbali.

"Hebu sema, 'Tabora hapa, unataka namba gani?'"

Mwamvita alishtuka. Hayo ndiyo maneno aliyoyasema kutwa nzima katika chumba cha simu cha posta, visikilizio masikioni, mikono ikichomeka na kuchomoa nyaya ubaoni. "Umenijuaje?"

"Kila wiki napiga Kigoma na Mwanza kutafutia bendi yetu mialiko. Na kila wiki sauti hiyo hiyo inaniambia laini imekatika."

"Kumbe ndiyo maana umeniponda mguu."

"Ningejua ni wewe ningelidondosha taratibu."

Shangazi alipotokea dirishani akiita, wote wawili walikuwa bado wanacheka.

Jina lake lilikuwa Lukumani, na aliyekuwa hamjui Lukumani katika Tabora ya mwaka ule wa sabini basi alikuwa haendi dansi. Alizaliwa Igalula, baba yake akifanya kazi ya reli. Mjomba wake, mpiga beni wa zamani, ile ngoma ya matarumbeta, ndiye aliyemtia tarumbeta mkononi. Baadaye akahamia kwenye saksafoni, ile ambayo watu wa mjini waliiita mdomo wa bata. Katika Gongoni Jazz yeye ndiye aliyekuwa bendi yenyewe. Sifa yake ilikuwa pumzi. Aliweza kuishika sauti moja, akaivuta, akaizungusha ukumbi mzima, wachezaji wakasimama na kuanza kumpigia makofi, naye bado hajavuta hewa. Wapigaji wa Mwanza na Dodoma walikuwa wanapanda gari moshi kuja kumsikia, na wakirudi kwao walikuwa wanajaribu, wanaona kizunguzungu.

Wiki ile ile simu ya ukumbi wa Gongoni Jazz iliita ubaoni.

"Tabora hapa, unataka namba gani?"

"Nataka namba ya moyo wako."

Mwamvita alimtupia jicho mwenzake, Bernadeta, akashusha sauti. "Namba hiyo inatumika."

"Nitangoja kwenye laini."

"Laini ni mali ya umma, bwana. Kuna mkuu wa stesheni wa Tura ananiita hapa."

"Mwambie asubiri. Yeye amepotelewa na behewa, mimi nimepotea mwenyewe."

Bernadeta alichomoa kisikilizio kimoja sikioni. "Uhuru ni kazi, shoga, si kuchekacheka na nyaya."

Mapenzi yao yalianza hivyo, kwa vipande vya simu na kwa bugi, dansi za Jumapili mchana, ambako Mwamvita alikuwa anaketi karibu na jukwaa, wanakunywa soda moja, chupa ikienda na kurudi. Mzee Shomari, baba yake, fundi wa kanzu na kofia pale Gongoni, alipopata habari alisimamisha cherehani.

"Mpiga mdomo wa bata? Leo yuko Tabora, kesho Kigoma, keshokutwa hajulikani. Atakuoa saa ngapi?"

"Baba, amesema ataleta wazee."

"Awalete. Ramadhani ikiisha. Nitawasikiliza, sijasema nitawakubalia."

Kwa Mzee Shomari hayo yalikuwa maneno laini, na Mwamvita alimbusu baba yake mkono. Alianza kuhesabu mwezi.

Idi ilipita. Wazee hawakuja.

Na Lukumani alianza kubadilika. Kwenye bugi alikuwa anakaa kiti cha mbali, anamwachia Mwamvita chupa nzima ya soda peke yake. Akimsogelea, anageuza uso. Suruali ile ya bugaluu ilikuwa inashikiliwa na mkanda uliotobolewa matundu mapya. Simu zake zilipungua, zikawa fupi.

"Umenichoka?" Mwamvita alimwuliza siku moja, nje ya ukumbi.

"Sijakuchoka, mpenzi."

"Mbona unasimama huko kama nina ndui?"

Lukumani, aliyezoea kumfupishia jina, alitazama chini. "Joto tu, Vita. Joto la leo."

Tangu hapo Mwamvita alikuwa anafanya kazi moyo uko juu. Kila kengele ya ubaoni ilimshtua. Ikiita ya ukumbini, anaogopa atakalolisikia. Isipoita, anaogopa zaidi.

Ikaita, adhuhuri moja. Lakini Lukumani hakutaka mazungumzo naye. Alitaka Sikonge. Mwamvita aliunganisha, na sheria ya kazi ilikuwa wazi kwamba opereta akishaunganisha anatoka kwenye laini. Kusikiliza ni kosa la kufukuzwa. Mkono wake ulikuwa juu ya swichi. Hakuibonyeza.

Upande wa pili ilikuwa sauti ya mwanamke, kijana, yenye lafudhi ya Nzega na kicheko ndani yake.

"Lukumani! Nimekutandikia kitanda tangu Ijumaa. Unanifanyia nini wewe?"

"Nitakuja, Amne. Nipe siku chache tu, nimalize jambo moja."

"Kila siku jambo moja. Ukichelewa tena nitampa mtu mwingine, usije ukanililia."

"Usinifanyie hivyo, tafadhali."

"Na yule binti wako wa simu? Umeshamwambia?"

"Hajui. Wala sitaki ajue."

Mwamvita alichomoa waya. Bernadeta alimwuliza mara mbili kuna nini, akajibu kwamba Igalula inaita, ingawa hakuna stesheni yoyote iliyokuwa inaita.

Jioni alimfuata Lukumani mpaka nyumba aliyopanga.

"Amne ni nani?"

Alimwona anavyoganda. Akangoja amkatalie, aape, atukane hata. Lukumani alisimama mlangoni, leso mkononi.

"Umesikiliza laini."

"Nimesikiliza. Nifukuzeni. Amne ni nani, anayekutandikia kitanda?"

"Kama umesikia," alisema taratibu, "basi umesikia."

"Ndiyo maneno yako hayo?"

"Rudi nyumbani, Mwamvita. Tafuta mtu mwenye maisha."

Alifunga mlango. Mwamvita alitembea hadi kwao kanga imefunika nusu ya uso, akapita mbele ya cherehani ya baba yake bila salamu. Mzee Shomari alimtazama, akasimamisha mguu, kisha akaendelea kushona. Siku zile hakusema lile neno ambalo baba yeyote angesema, kwamba nilikwambia, na kwa hilo binti yake alimshukuru.

Katika juma hilo hilo gari la redio liliingia mjini kutoka Dar es Salaam. Lilikuwa linazunguka mikoani kurekodi bendi, na Gongoni Jazz walikuwa wametayarisha nyimbo mbili, mmoja wa kuhimiza watu kuhamia vijiji vya ujamaa na mmoja wa mapenzi. Watu walijaa nje ya ukumbi asubuhi kama siku ya sherehe.

"Mimi siendi," Mwamvita alisema.

"Unakwenda," alisema Bernadeta, akimfunga kilemba. "Akuone umependeza, roho imuume. Halafu tunarudi."

Wakapenya hadi ubavuni mwa jukwaa. Magodoro yalikuwa yameegemezwa madirishani kuzuia kelele, na joto ndani lilikuwa la tanuri. Wimbo wa ujamaa ulikwenda vizuri. Nikolaus, mpiga gitaa na kiongozi wa bendi, akaanzisha wa mapenzi. Mwamvita alikuwa hajamwona Lukumani tangu ule mlango ufungwe. Alimwona sasa, na hasira yote aliyokuwa ameivalia nguo nzuri ikamponyoka. Mifupa ya mashavu ilikuwa imesimama. Kola ya shati ilikuwa pana kwa shingo.

Zamu yake ilifika. Alisogelea maikrofoni, akaipandisha ile sauti yake ndefu, na ukumbi mzima ukanyamaza kumngojea aizungushe. Katikati ikakatika. Kimya. Gitaa likaenda peke yake, ngoma ikaenda, Nikolaus akageuka macho yamemtoka. Lukumani alikuwa ameelekeza uso ukutani, mabega yanatikisika bila sauti, leso mdomoni. Kisha akageuka, akaingia tena, chini kabisa, sauti ya kunong'ona, akaumaliza wimbo kutoka hapo.

"Turudie?" aliuliza fundi wa redio.

"Hapana," alijibu Lukumani. "Chukua hiyo hiyo. Sina nyingine."

Leso ilikuwa mkononi bado. Mwamvita aliona wekundu. Hakumuaga Bernadeta. Alipita kati ya magodoro na nyaya hadi chumba cha nyuma.

"Kaa mbali!" Lukumani aliinua mkono. "Usinikaribie, Vita, nakuomba."

"Amne ni nani?"

"Ni nesi." Aliketi juu ya sanduku lake. "Hospitali ya misheni, upande wa Sikonge. Kitanda ni cha wodi. Ni kifua kikuu. Wananiambia niende tangu kabla ya Ramadhani, mimi nasema nirekodi kwanza. Nikilazwa sijui kama nitatoka, na nikitoka sijui kama nitapuliza tena."

"Na mimi ukaniacha niamini una mwanamke."

"Mwanamke ungemsahau. Ugonjwa ungenifuata nao mpaka wodini, nakujua. Kaka yangu alikwenda nao huu. Mkewe alikuwa anamlisha kwa mkono. Akamfuata."

Mwamvita alitaka kumpiga kofi, na alitaka kumkumbatia, na hakuruhusiwa lolote kati ya hayo mawili. Alibaki kusimama pale pale, hatua kadhaa, ameikunja kanga ngumini.

"Utakwenda lini?"

"Vita..."

"Nimeuliza, utakwenda lini?"

"Kesho, kuna lori la tumbaku linarudi Ipole, litapitia Sikonge."

"Basi panda. Usipopanda, mimi mwenyewe nitamwambia Nikolaus, nitamwambia fundi wa redio, nitawaambia Tabora nzima. Na simu ya hospitali naijua njia yake. Mwambie Amne huyo ajiandae, nitamchosha."

Kweli alimchosha. Kila alasiri, laini zikipungua, aliita Sikonge. Siku nyingine mvua ilikuwa imeangusha nguzo njiani, na Mwamvita alikuwa anasikia mvumo mtupu tu. Siku hizo alikuwa halali. Siku nyingine laini ilikuwa safi, na hapo ndipo hofu ilikuwa kubwa kuliko zote, kati ya kengele ya kwanza na sauti ya Amne. Alijifunza kumsoma Amne kwa namna anavyovuta hewa kabla ya kusema.

"Amekula leo?"

"Uji. Na amenitukana kwa sababu ya sindano."

"Amekutukana? Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu zote, dada."

"Alhamdulillahi."

Yeye mwenyewe Lukumani hakuruhusiwa kufika kwenye simu. Kulikuwa na wiki ambayo Amne alisema tu, "Dada, muombee," na Mwamvita alishindwa kuuliza aombee nini.

Nyumbani hakuna aliyekuwa anajua. Mpaka alasiri moja ya Jumapili, redio ya Mzee Shomari iko juu ya meza ya kukatia vitambaa, kipindi cha salamu kwa wagonjwa, mtangazaji akataja Gongoni Jazz ya Tabora. Wimbo ulianza. Mguu wa Mzee Shomari ulipunguza mwendo kwenye kanyagio, kisha ukasimama. Sauti ndefu ikapanda, ikakatika, kikaja kile kimya, kisha ule mnong'ono. Mzee alikuwa ameshikilia gurudumu la cherehani.

"Huyo ndiye?"

"Ndiye, baba."

"Yuko wapi siku hizi?"

Mwamvita alimwambia. Alimwambia yote, na mzee alisikiliza akiwa anatazama kofia aliyokuwa anaishona.

"Mdogo wangu alikufa nacho kifua hicho," alisema mwishowe. "Wewe hujazaliwa. Mimi nimezaa binti mmoja, Mwamvita. Sitaki kumzika."

"Siku hizi kuna dawa, baba."

"Zipo. Na wenye dawa hawafi?"

Mzee Shomari alizima redio, wakaketi. Lakini kesho yake, Mwamvita aliporudi kazini, kabla hajavua viatu, baba yake aliuliza bila kuinua uso, "Laini ya Sikonge ikoje leo?"

"Safi, baba. Amekula."

"Haya."

Tangu siku hiyo hakuacha kuuliza.

Nje, wimbo ule ulikwenda mbali kuliko aliyeupiga. Bendi ya Kigoma ilipita Tabora ikapiga kwenye bugi, na mpigaji wao wa saksafoni, katikati ya sauti yake ndefu, akanyamaza ghafla, akaacha gitaa liende, kisha akarudi chini kwa mnong'ono. Watu walishangilia. Wa Mwanza wakafanya vile vile. Mpigaji mmoja wa Nzega, Luhende, mtu mzima mwenye watoto, alimwambia Nikolaus kwamba hicho kimya ndicho kigumu kuliko vyote, kwamba Lukumani amewafundisha wapigaji wote kuwa kunyamaza nako ni kupiga. Bernadeta aliyasikia akamgeukia Mwamvita, akamkuta ametazama pembeni. Kila bendi ilipofika pale, yeye alikuwa anaona leso.

Masika yakaja, yakapita. Kiangazi kilikuwa kimeiva, majani makavu na upepo wa vumbi, siku Mwamvita alipoita Sikonge na Amne akasema, "Hayupo."

Visikilizio vilimwanguka shingoni. Akavirudisha masikioni. "Hayupo vipi?"

"Dada, samahani, jamani! Ametoka! Daktari amemruhusu asubuhi, makohozi ni safi. Amepanda lori. Nimekutisha?"

Mwamvita alimwachia Bernadeta ubao wote. Alikwenda kituo cha malori, hayupo. Nyumba aliyokuwa amepanga, hayupo. Ukumbini, Nikolaus hajamwona. Alirudi Gongoni amechoka, roho iko juu, na kwenye baraza ya baba yake, juu ya mkeka, akakuta sanduku jeusi limesimamishwa dhidi ya ukuta na mwenyewe ameketi, mwembamba bado lakini macho yamerudi.

"Nilikuwa namweleza mzee," Lukumani alisema. "Nimekuja bila wazee, na ni utovu wa adabu, lakini nilitaka anione mwenyewe kabla ya kutuma mtu. Nimepona. Cheti cha daktari hicho hapo. Lakini pafu la kushoto limeharibika. Daktari amesema nisipulize tena maisha yangu yote. Kwa hiyo anayekuja kumwomba binti yako, mzee, si mpiga saksafoni. Nikolaus aliniahidi kwa barua nifundishe vijana wa bendi, nitawaimbia kwa mdomo wao wapulize. Ndicho nilicho nacho."

Mzee Shomari alimgeukia binti yake. "Wewe unasemaje?"

"Kwanza aniombe radhi."

"Kwa lipi?" Lukumani aliuliza.

"Kwa kunifungia mlango."

"Nisamehe, Vita."

"Na kwa kuamua peke yako nitakachoweza kukibeba."

"Nisamehe na kwa hilo."

"Na kwa kuja hapa kabla ya kunipigia simu. Nimezunguka mji mzima nikidhani umeanguka njiani."

"Kwa hilo," Mzee Shomari aliingilia, "mimi ndiye nimemzuia. Nilitaka kusikia anavyohema." Alitia uzi kwenye sindano yake. "Anahema vizuri. Alete wazee."

Walioana kabla ya mvua za kwanza. Luhende alihama kutoka Nzega kuja kusoma kwake, na baada yake wengine, mmoja mmoja, wakishuka stesheni na masanduku yao, wakiulizia nyumba ya Lukumani. Yeye alikuwa anaketi uani, anawaimbia sauti, anawakatiza, anawarudisha mwanzo. Saksafoni yake aliipiga brashi na mafuta kila Ijumaa, hakuitia mdomoni.

Siku moja walikuwa wanakula mchana, yeye, mkewe, Mzee Shomari na Luhende, ugali na samaki wa nazi. Lukumani akakohoa. Akakohoa tena, akafunika mdomo kwa mkono, mabega yakatikisika. Mikono yote ilisimama juu ya sinia. Hakuna aliyemtazama mwenziwe.

"Pilipili," alisema, macho yamejaa machozi, anacheka. "Jamani, ni pilipili tu! Mbona mmekuwa hivyo?"

Luhende alicheka, mzee naye akacheka. Mwamvita aliinuka kama anayefuata maji, akaenda nyuma ya jiko, akaegemea ukuta. Akanawa uso. Akarudi na kata ya maji, akampa mumewe, akamtazama akinywa mpaka tone la mwisho.

"Kesho," alisema, akikaa chini karibu naye, bega kwa bega, "sitii pilipili."